Rudolph Cartier: Mkimbizi wa Vienna aliyewatia Waingereza hofu sebuleni mwao

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Agosti mwaka 1953, watu wapatao milioni tano nchini Uingereza waliketi mbele ya vioo vidogo vya televisheni, wakashuhudia kiumbe cha kutisha, nusu mmea nusu mnyama, kikitikisa viungo vyake ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Walikuwa wakilijua vyema kanisa hilo. Hazikuwa zimetimia hata siku tisini tangu wamwone humo, katika vioo vivyo hivyo, Malkia Elizabeth wa Pili akivishwa taji. Wengi wao walinunua televisheni zao za kwanza kwa ajili ya sherehe hiyo ya kumtawaza malkia ambaye, kama wasomaji wetu wa Kenya wanavyokumbuka, habari ya kifo cha baba yake ilimfikia akiwa nchini mwao, mwezi Februari mwaka 1952.

Mtu aliyethubutu kuliingiza zimwi mahali palipokuwa patakatifu kiasi hicho katika fikra za Waingereza hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alikuwa mkimbizi. Jina lake ni Rudolph Cartier, na tamthilia aliyoiongoza, The Quatermass Experiment, ndiyo iliyofungua njia kwa hadithi zote za kubuni za kisayansi zilizofuata katika televisheni ya Uingereza, ikiwemo Doctor Who iliyoanza miaka kumi baadaye.

Cartier alizaliwa Vienna tarehe 17 Aprili mwaka 1904, katika familia ya Kiyahudi, wakati mji huo ulipokuwa makao ya dola kubwa ya Austria na Hungaria. Jina la ukoo alilopewa lilikuwa Kacser. Alianza kwa kusomea usanifu wa majengo, kisha akauacha na kujifunza sanaa ya maigizo chini ya Max Reinhardt, bingwa wa jukwaa aliyesifika Ulaya nzima kwa maonyesho yake makubwa yenye umati wa waigizaji. Mambo hayo mawili hayakumtoka kamwe. Mwanafunzi wa usanifu alibaki na jicho la kupima nafasi, na mwanafunzi wa Reinhardt alibaki na imani kwamba mtazamaji lazima ashikwe na asiachiwe.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alihamia Berlin, mji mkuu wa filamu barani Ulaya wakati huo. Huko aliandika miswada ya filamu kwa jina la Katscher, akaajiriwa na kampuni ya UFA, akafahamiana na vijana kama Billy Wilder na Emeric Pressburger, ambao baadaye walikuja kuvuma Marekani na Uingereza. Mwaka 1933 filamu aliyoiongoza yeye mwenyewe ilitoka, mmoja wa waigizaji wake akiwa Peter Lorre. Lakini mwaka huo ndio Adolf Hitler alioingia madarakani. Katika muda wa miezi michache kundi zima hilo lilitawanyika kama njiwa waliorushiwa jiwe. Wilder, Lorre, Pressburger na Katscher, kila mmoja alishika njia yake.

Alijaribu bahati yake Marekani, haikufunguka. Mwaka 1935 alifika Uingereza, na huko alijulikana kama Rudolph Cartier. Nimeishi miaka mingi katika nchi isiyo yangu, na ninajua kwamba kubadili jina ni jambo dogo kwenye karatasi tu. Alikuwa na umri wa miaka 31, akiwa na ujuzi uliotambulika Berlin lakini usio na thamani London, na lugha ya kazi yake ilikuwa lugha ya nchi iliyomfukuza. Miaka kumi na saba ilipita kabla hajapata kazi iliyomfaa. Katika kipindi hicho alishiriki katika filamu chache, zikiwemo baadhi alizozitayarisha baada ya vita, lakini hakuna iliyompa nafasi aliyoistahili. Na katika kipindi hicho hicho Wanazi waliwaua watu wengi wa familia yake waliobaki nyuma, mama yake mzazi akiwa mmojawapo.

Mwaka 1952 Cartier aliitwa kwenye usaili katika idara ya tamthilia za televisheni ya BBC. Mkuu wa idara hiyo alikuwa Michael Barry, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika wadhifa huo. Mtu mwingine wa umri wa miaka 48, mgeni, anayetafuta kazi, angejipendekeza kidogo. Cartier yeye alimweleza Barry waziwazi kwamba tamthilia zinazotangazwa ni mbovu, kwamba zimechakaa, na kwamba kinachohitajika ni miswada mipya na namna mpya ya kuieleza. Barry, kwa bahati njema, alikuwa na mawazo hayo hayo. Akamwajiri.

Ili kuelewa ukali wa maneno hayo ni lazima kujua televisheni ilikuwaje siku hizo. Tamthilia nyingi zilikuwa michezo ya jukwaani iliyohamishwa kutoka kwenye kumbi za London: watu wanne au watano ndani ya chumba, wakinywa chai na kuzungumza, huku kamera zikiwatazama kwa mbali kana kwamba zimekaa kwenye viti vya watazamaji. Kila kitu kilitangazwa moja kwa moja. Mchezo ulioigizwa Jumapili ulirudiwa Alhamisi, na kurudiwa maana yake ni kwamba waigizaji wote walirejea studio na kuigiza upya tangu mwanzo. Akisahau mtu maneno yake, nchi nzima ilijua. Njia pekee ya kuhifadhi mchezo ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kupiga picha ya picha. Ilikuwa njia ya gharama, na matokeo yake hayakupendeza.

Ndani ya idara hiyo Cartier alimkuta kijana aitwaye Nigel Kneale, aliyelelewa katika kisiwa cha Man kilichoko kati ya Uingereza na Ireland. Kneale alikuwa amepata tuzo ya fasihi mwaka 1950 kwa mkusanyiko wa hadithi fupi. Barry alipotaka kupata kazi mpya za kubuni, fedha zote alizokuwa nazo kwa mwaka huo kwa ajili ya miswada, paundi 250, alizitumia kumwajiri kijana huyo. Kneale naye alichoshwa na michezo ya chai. Walipokutana mwaka 1952, Mviena wa miaka 48 na Mmanx wa miaka 30, kila mmoja alipata alichokikosa: mwandishi alipata mwongozaji asiyeogopa kitu chochote alichokiandika, na mwongozaji akapata maneno ya Kiingereza.

Katikati ya mwaka 1953 ratiba ya Jumamosi usiku ilikuwa na pengo la wiki sita. Kneale alitakiwa alijaze upesi. Akabuni kisa cha roketi ya Uingereza iliyopeleka watu watatu angani, miaka minane kabla ya binadamu yeyote kufika huko. Roketi inapotea njia, kisha inaanguka Wimbledon, kusini-magharibi ya London. Mlango unapofunguliwa anatoka mtu mmoja tu. Wenzake wawili hawamo, ingawa chombo hakikupata kufunguliwa. Mtu huyo, Victor Carroon, anaanza kubadilika kidogo kidogo, na mkuu wa mradi huo, Profesa Bernard Quatermass, anatambua kwamba ndani ya mwili ule kuna kitu kingine. Jina la ukoo la profesa huyo Kneale alilipata katika kitabu cha simu cha London, na jina la kwanza alilitwaa kwa mnajimu Bernard Lovell, mwanzilishi wa kituo cha darubini ya redio cha Jodrell Bank.

Bajeti ya sehemu zote sita haikufika paundi 4,000. Studio waliyopewa ilikuwa katika jengo la Alexandra Palace, kaskazini ya London, na kamera zake zilikuwa zile zile zilizofunga ndoa na jengo hilo tangu BBC ilipoanza matangazo ya televisheni mwaka 1936. Sehemu ya kwanza ilipotangazwa tarehe 18 Julai, Kneale alikuwa bado hajamaliza kuandika za mwisho. Waigizaji, wakiongozwa na Reginald Tate katika nafasi ya Quatermass na Duncan Lamont katika nafasi ya Carroon, walianza safari bila kujua itaishia wapi.

Hapo ndipo ujuzi wa Berlin ulipoonekana. Cartier alipiga vipande vya filamu mapema, nje ya studio, akavipachika katikati ya matangazo. Vilikuwa na kazi mbili. Kwanza, vilimtoa mtazamaji chumbani na kumpeleka barabarani, kwenye upana ambao televisheni haikuwa nao. Pili, vilimpa mwigizaji dakika moja au mbili za kukimbia kutoka seti moja hadi nyingine, kubadili nguo, au kuongezewa rangi ya ugonjwa usoni. Kamera zake za studio nazo hazikukaa mbali kwa adabu. Alizisogeza karibu kabisa na nyuso, kwani alikuwa ameelewa jambo ambalo wenzake walikuwa hawajalielewa: televisheni haitazamwi na umati ukumbini, inatazamwa na watu wawili au watatu, nyumbani kwao, taa ikiwa imepunguzwa. Uso ulioogopa, ukiletwa karibu mahali kama hapo, unaogopesha kuliko zimwi lolote.

Zimwi lenyewe, ukweli ni kwamba, lilikuwa jozi ya glavu. Idara ya vifaa haikuwa na uwezo wa kulitengeneza, basi Kneale na mchumba wake, Judith Kerr, walichukua glavu, wakazibandika majani na vipande vya ngozi na mpira. Picha kubwa ya ndani ya Westminster Abbey ilitobolewa matundu, na usiku wa sehemu ya mwisho Kneale alisimama nyuma yake, akapenyeza mikono na kuitikisa. Judith Kerr, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa vitabu vyake vya watoto, alikuwa naye mkimbizi. Alizaliwa Berlin, na baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mhakiki mkuu wa tamthilia wa mji huo hadi mwaka 1933, familia ilipotoroka na vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Kwa hiyo nyuma ya usiku ule ambao Waingereza waliuona kuwa wa kwao kabisa, ndani ya kanisa lao la kifalme, walikuwamo watu wawili waliofukuzwa na Hitler.

Zimwi hilo halikupigwa risasi wala bomu. Quatermass analiendea na kuzungumza na wale watu watatu waliomezwa ndani yake, akiwasihi wakumbuke kwamba wao ni binadamu na wakatae. Wanakataa, na kwa kukataa wanakufa pamoja nalo. Sijui mwisho mwingine wa hadithi ya aina hii unaoelekeza imani kubwa hivyo kwenye chembe ya utu iliyobaki ndani ya mtu aliyekwisha kubadilishwa.

Watazamaji walioanza wakiwa milioni tatu na laki nne waliongezeka hadi milioni tano. Cartier na Kneale wakawa jozi isiyotenganishwa, na tarehe 12 Desemba mwaka 1954, siku ya Jumapili, wakatoa kazi iliyoleta ghasia kuliko zote: tamthilia ya saa mbili kutokana na riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four. Peter Cushing aliigiza kama Winston Smith. Cartier hakupenda muziki wa sahani, kwa hiyo bendi iliwekwa katika studio ya jirani, kiongozi wake akifuata mchezo kwenye kioo na kupiga muziki papo hapo.

Simu na barua za hasira zilimiminika. Baadhi ya wabunge waliwasilisha hoja ya kuilaani BBC kwa kuonyesha mateso siku ya Jumapili usiku, wengine wakaipinga hoja hiyo. Cartier mwenyewe alipata vitisho vya kuuawa. Ilitakiwa mchezo urudiwe Alhamisi, na kwa siku kadhaa haikujulikana kama wakubwa wa shirika watathubutu. Kisha mume wa malkia, Prince Philip, akataja hadharani kwamba yeye na mkewe waliutazama na kuupenda. Alhamisi tarehe 16 Desemba waigizaji walirejea studio na kuigiza yote upya, mbele ya watazamaji milioni saba, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu siku ya kutawazwa.

Wengi wa wale waliolalamika waliona kwamba mgeni amewaletea vitu vichafu ndani ya nyumba zao. Kwa Cartier, polisi wanaobisha hodi usiku, jirani anayemchongea jirani, na umati unaopiga kelele za chuki mbele ya picha ya kiongozi havikuwa vitu vya kubuni. Alikwisha kuviona vikianza.

Quatermass alirudi mara mbili. Mwaka 1955, mwezi mmoja tu baada ya televisheni ya kibiashara kuanza kuinyang'anya BBC watazamaji, ilitangazwa Quatermass II. Reginald Tate alifariki ghafla mwezi Agosti mwaka huo, wiki chache kabla ya kazi kuanza, na nafasi yake ikachukuliwa kwa haraka na John Robinson. Kisa chake ni cha viumbe wanaoziteka akili za wakubwa wa serikali na kujijengea mtambo wa siri, na Cartier aliwapeleka wapiga picha wake kwenye kiwanda halisi cha kusafisha mafuta cha Shell Haven, Essex. Sitakaa sana hapo, kwa sababu ya tatu ndiyo iliyo kubwa.

Quatermass and the Pit ilianza tarehe 22 Desemba mwaka 1958 na kumalizika tarehe 26 Januari mwaka uliofuata, André Morell akiwa profesa. Wajenzi wanaochimba msingi Knightsbridge, London, wanakuta mafuvu ya viumbe wa kale wanaokaribia binadamu, halafu chombo cha ajabu ambacho wanajeshi wanashikilia kuwa ni bomu la Wajerumani. Ndani yake mna maiti za wadudu wakubwa kutoka sayari ya Mars. Inabainika kwamba miaka milioni tano iliyopita wadudu hao, sayari yao ikiwa inakufa, waliwachukua mababu wa binadamu na kuzibadili akili zao, wakawapandikizia silika yao wenyewe. Na silika hiyo ni hii: kila baada ya muda, kundi huwatafuta walio tofauti ndani yake na kuwaua wote.

Nguvu iliyolala chomboni inaamka. Watu wa London, watu wa kawaida, wanaingia barabarani na kuanza kuwaua wale ambao hawakuirithi silika hiyo. Quatermass mwenyewe, mtu wa akili na huruma tuliyemwamini kwa miaka mitano, anashikwa nayo na kutaka kumwua rafiki yake Roney kwa sababu moja tu, kwamba Roney ni tofauti. Roney ndiye anayetoa uhai wake kuizima. Mandhari hayo ya mwisho yana kelele na milio isiyofanana na chombo chochote cha muziki, kazi ya karakana ya sauti ambayo BBC ilikuwa imeianzisha mwaka huo huo wa 1958.

Miezi minne kabla ya kutangazwa kwa sehemu ya kwanza, makundi ya vijana wa kizungu yalikuwa yamewashambulia watu weusi kutoka visiwa vya Karibiani katika mitaa ya Notting Hill, mwendo mfupi kutoka Knightsbridge. Hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa maana. Watu milioni 11 waliiona sehemu ya mwisho. Mwandishi alikuwa Kneale, na sifa ya wazo ni yake. Lakini aliyeamua kamera ikae wapi wakati umati unapomzingira mtu mmoja na kumwua alikuwa mtoto wa mwanamke aliyeuawa kwa sababu hiyo hiyo, na ninapoitazama leo sioni kwamba ninatazama wadudu wa Mars. (Nusu mwaka baadaye, Julai 1959, Mary Leakey alichomoa fuvu la kale katika bonde la Olduvai, Tanganyika, na magazeti ya London yakawa na mafuvu ya kweli ya kuandika.)

Baada ya hapo Cartier aliachana na hadithi za aina hiyo, akageukia riwaya kubwa, opera na historia. Mwaka 1961 aliongoza Anna Karenina, Sean Connery akiwa mmoja wa waigizaji wakuu kabla dunia haijamjua. Lakini angalia orodha ya miaka iliyofuata: mapigano ya Stalingrad mwaka 1963, njama ya maofisa wa Ujerumani ya kumwua Hitler mwaka 1964, na mwaka 1965 kisa cha Joel Brand, aliyetumwa kujadili kubadilishana roho za Wayahudi wa Hungaria kwa malori. Sasa hakuhitaji tena wadudu.

Alifariki London tarehe 7 Juni mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 90.

Tamthilia mbili za mwisho za Quatermass zimehifadhiwa kamili, na hata Nineteen Eighty-Four ya ile Alhamisi ipo. Ile ya kwanza haipo. Tarehe 2 Aprili mwaka 2005 BBC iliiigiza upya, moja kwa moja kama zamani, usiku ule ule ambao Papa John Paul II alifariki dunia, lakini ya Cartier yenyewe ilipeperuka hewani mwaka 1953 na kutoweka. Sehemu mbili tu za mwanzo zilipigwa picha kutoka kwenye kioo. Wakati ya pili ikipigwa, mdudu mmoja alitua kwenye kioo hicho, na hakuna aliyeweza kumfukuza. Shirika liliona picha hazifai, likaacha kuendelea. Usiku wa Westminster Abbey, glavu, majani na maombi ya Quatermass, vilibaki katika kumbukumbu za waliokuwa sebuleni tu.